Nukta C itaangukia wapi? Uchambuzi wa kisa kuhusu pembetatu zinazolingana, Kidato cha Pili

Usuli

Mwalimu M. anafundisha Hisabati katika shule moja ya sekondari ya kutwa nchini Tanzania. Jina lake, shule, mkoa na mwaka nimeviacha. Mimi ni mwalimu mwenzake wa idara, na vipindi ninavyovisimulia hapa nilivikalia nyuma ya darasa kwa ridhaa yake. Darasa lilikuwa kubwa, wanafunzi watatu kwa dawati, vitabu vichache na mikebe ya hesabu michache zaidi.

Muhtasari aliokuwa akiufuata ulitanguliza pembetatu zinazolingana, yaani zenye pande na pembe za vipimo vilevile. Ikafuata mada ya kufanana, na baada yake ndipo yakaja mageuzo: kuakisi, kuzungusha, kuhamisha. Kwa hiyo wanafunzi walikuwa wamekwisha kariri kanuni tatu, upande-upande-upande (UUU), upande-pembe-upande (UPU) na pembe-upande-pembe (PUP), kabla hawajasikia lolote kuhusu kuakisi. Walipofika kwenye mageuzo walijifunza kutafuta taswira ya nukta, kwamba (x, y) inakwenda wapi ikiakisiwa kwenye mhimili wa x, basi, mada ikafungwa. Hakuna aliyewaambia kwamba mada hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Wakati wa marudio Mwalimu M. aliandika ubaoni swali ambalo halimo kwenye mitihani: kwa nini pande mbili na pembe iliyo kati yake zinatosha kutuhakikishia kwamba pembetatu zinalingana? Karibu madaftari yote yalijibu, "Kwa sababu ya UPU." Binti mmoja, ambaye kwa kawaida anaongoza darasa, aliongeza, "Imethibitishwa na wataalamu."

Jibu hilo la binti ndilo lililomsukuma Mwalimu M. kubadilisha mpango wake wa marudio. Mtoto anayeongoza anajua kanuni, anaitumia vizuri, anapata alama zote, lakini ukweli wa kanuni yenyewe ameuweka mikononi mwa watu asiowajua. Wakati huo huo mageuzo aliyojifunza muhula huohuo yalikuwa na jibu lote.

Uamuzi wa kwanza: nailoni

Mwalimu M. aliamua kwamba wanafunzi watathibitisha kulingana kwa kusogeza pembetatu moja mpaka ilale juu ya nyingine. Karatasi angavu za kunakilia hazikuwepo, basi akatumia nailoni ile ya kufunikia madaftari, akaikata vipande na kugawa kimoja kwa kila dawati pamoja na kalamu ya wino mzito. Sababu yake ilikuwa kwamba mkono utangulie na maneno yafuate. Mtoto akiisogeza nailoni amehamisha. Akiizungusha juu ya dawati amezungusha. Akiipindua upande wa pili ameakisi.

Jozi za kwanza zilikwenda haraka, na darasa lilijaa kelele njema za "Zimelaliana, Mwalimu!" Kisha akagawa jozi aliyoitega makusudi. Pembetatu moja ilikuwa na pande za sentimita 6, 7 na 5. Nyingine 6, 7 na 5.2. Mstari wa kalamu ile una unene wake, nailoni nayo ikivutwa kidogo hutanuka, na tofauti ya milimita mbili ilimezwa. Madawati mengi yakapaza sauti ileile: zimelaliana. Alipowaambia wapime kwa rula, kelele zikaisha.

Nadhani hapa ndipo kipindi kilipoanza hasa. Kijana mmoja wa mbele aliuliza, kwa uchungu wa kweli, "Sasa Mwalimu, kama macho yanadanganya, nailoni inatusaidia nini?"

Uamuzi wa pili: kutabiri kabla ya kugusa

Mwalimu M. hakulijibu swali lile papo hapo. Alichora ubaoni pembetatu mbili, ABC na PQR, bila vipimo vyovyote, akaandika kwamba AB = PQ, AC = PR, na pembe ya A ni sawa na pembe ya P. Kisha akakataza kugusa nailoni. "Nimeihamisha ABC mpaka A ikakaa juu ya P. Nimezungusha mpaka AB ikaelekea kule inakoelekea PQ. Niambieni B iko wapi, na kwa nini. Halafu niambieni C itaangukia wapi, na kwa nini."

B ilipatikana upesi: urefu ni mmoja na uelekeo ni mmoja, kwa hiyo B iko juu ya Q. Kwa C walibishana. Mmoja alisema iko R "kwa sababu zinalingana", wenzake wakamzomea kwamba hicho ndicho kinachotafutwa. Binti yule wa "wataalamu" ndiye aliyesimama. Maneno yake niliyaandika kama alivyoyasema: "Pembe ni ileile, kwa hiyo mwale wa AC umelala kwenye mwale wa PR. Urefu nao ni uleule. Sasa C haina pengine pa kwenda, ni R tu." Vipeo vitatu vimekaa juu ya vitatu, na nukta mbili zina mstari mmoja tu wa kuziunganisha, kwa hiyo pande na pembe zote zimelala.

Hapa kazi ya nailoni ilikuwa imebadilika. Uthibitisho ulikuwa umeshatolewa kwa mdomo, nailoni ikabaki kuwaonyesha kile ambacho akili imekwisha kukifunga.

Ubishi wa kupindua

Katika hoja ya binti kulikuwa na pengo, na Mwalimu M. aliliona. Pembe ikiwa sawa, mwale wa AC unaweza kuangukia upande wa pili wa mstari PQ. Akawapa jozi ya karatasi ya grafu: A(1, 1), B(5, 1), C(4, 3), na P(−3, −4), Q(−3, 0), R(−1, −1).

Wakahamisha hatua 4 kushoto na 5 chini. A ikaja juu ya P, B ikawa (1, −4), C ikawa (0, −2). Wakazungusha robo mzunguko kinyume na mwendo wa saa, kitovu P. B ikatua (−3, 0), ndiyo Q. C ikatua (−5, −1). Lakini R iko (−1, −1).

Madawati ya upande wa dirisha yakasema pembetatu hazilingani. Wengine wakasema pindua nailoni. Wa dirishani wakakataa katakata: ukipindua umeshika pembetatu nyingine, ile ya kwanza ilikuwa inazunguka kinyume na mwendo wa saa, hii inazunguka kwa mwendo wa saa. Si hoja ya kupuuzwa. Mpangilio wa vipeo kweli umegeuka, na hakuna kuhamisha wala kuzungusha kutakakoweza kuurudisha.

Mwalimu M. aliamua kuruhusu kupindua, lakini kwanza aliwataka wapime. Wakapima pande tatu na pembe tatu kabla ya kupindua na baada ya kupindua, hakuna kilichobadilika. Akawakumbusha maana ya kulingana waliyoiandika wao wenyewe wiki zilizopita: pande na pembe za vipimo vilevile. Mwendo wa saa haumo. Wakaakisi kwenye mstari PQ, yaani x = −3, na (−5, −1) ikaenda (−1, −1).

Hapo mwanafunzi mmoja wa dirishani, akiwa bado hajaridhika, akauliza, "Na nani kasema kuakisi hakubadili urefu? Tumepima pembetatu moja tu."

Swali hili linastahili aya yake. Ukitaka kuthibitisha kwamba kuakisi hakubadili urefu kwa kutumia pembetatu zinazolingana, halafu utumie kuakisi kuthibitisha kulingana kwa pembetatu, umezunguka ukarudi ulikotoka. Ni lazima kitu kimoja kikubaliwe mwanzoni. Euclid wa Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha UPU kwa kuiweka pembetatu moja juu ya nyingine, ila hakuna mahali alipokuwa ameeleza kwamba umbo linaweza kusogezwa bila kubadilika. Mwaka 1899 David Hilbert wa Ujerumani aliikwepa tabu hiyo kwa kuiweka UPU yenyewe, karibu nzima, miongoni mwa mambo yanayokubaliwa bila uthibitisho. Marekani, viwango vya hisabati vilivyotolewa mwaka 2010 kwa majimbo mengi vilichukua njia nyingine: vinakubali kwamba kuhamisha, kuzungusha na kuakisi hakubadili urefu wala pembe, vinaeleza maana ya kulingana kwa mageuzo hayo, na kutoka hapo UPU, PUP na UUU zinathibitishwa.

Mwalimu M. alichagua njia hiyo ya mwisho na akawaambia waziwazi: hili tunalikubali, yote mengine tutayatolea sababu. Akaliandika juu kabisa ya ubao na hakulifuta mpaka mwisho wa juma. Mimi naona uaminifu huo ulikuwa na thamani kuliko vipimo vyote vya rula.

UUU na bikari

UUU ni ngumu zaidi kwa sababu haina pembe ya kushikia. A imekaa juu ya P, B juu ya Q, lakini uelekeo wa C haujulikani. Mwalimu M. aliwapa bikari badala ya nailoni. C iko umbali wa PR kutoka P, kwa hiyo iko mahali fulani kwenye duara lenye kitovu P. Iko umbali wa QR kutoka Q, kwa hiyo iko pia kwenye duara lenye kitovu Q. Wakachora maduara yote mawili, yakakatana kwenye nukta mbili tu, moja juu ya PQ na nyingine chini yake. Moja ni R. Kama C iko pale, kazi imekwisha.

Kama iko kwenye nukta ile ya pili, je? P iko umbali mmoja kutoka C na kutoka R, na Q vivyo hivyo. Nukta zote zilizo umbali sawa kutoka C na R ziko kwenye mstari mmoja, ule unaokata CR katikati kwa pembe mraba. Basi PQ ndio mstari huo, na kuakisi juu yake kunaipeleka C moja kwa moja kwenye R. Nilitazama mikono wakati wa hatua hii. Watoto walikuwa wamejifunza kuchora mstari wa namna hiyo kwa bikari tangu Kidato cha Kwanza, na wengi walikuwa hawajawahi kuutumia kwa jambo lolote.

PUP ilipitiwa mbiombio, kengele ikiwa karibu: B iko Q, mwale kutoka A na mwale kutoka B vinakutana mahali pamoja tu kwa upande ule, ndipo palipo R.

Pale C inapopata mahali pawili

Kipindi kilichofuata kilianza kwa swali lililoletwa na mwanafunzi mwenyewe: kwa nini hakuna UUP, pande mbili na pembe isiyo kati yake? Mwalimu M. hakueleza. Alisoma vipimo wakachora: pembe ya A nyuzi 30, AB sentimita 8, BC sentimita 5.

Wakachora mwale kutoka A. Wakaweka ncha ya bikari kwenye B, wakaifungua sentimita 5, wakazungusha. Tao likaukata mwale mara mbili, sentimita 3.9 hivi kutoka A, na tena sentimita 9.9 hivi. Nukta ya mwale iliyo karibu zaidi na B iko umbali wa sentimita 4, yaani nusu ya 8 kwa kuwa pembe ni nyuzi 30. Tano ni zaidi ya nne na ni pungufu ya nane, kwa hiyo tao lazima likate mara mbili upande huohuo. Darasa likawa na pembetatu mbili halali zenye vipimo vyote vitatu walivyopewa, moja nyembamba na ndefu, nyingine fupi. Hakuna kupindua wala kuzungusha kunakoweza kuzilaza moja juu ya nyingine.

"C ina mahali pawili," alisema kijana yule aliyekuwa amelalamikia nailoni. PPP (pembe-pembe-pembe) wakaimaliza wao wenyewe kwa sentensi moja: miale inalala sawasawa lakini B haina sababu ya kufika Q.

Matokeo

Mwalimu M. alirudia swali lake la awali katika jaribio la mwisho wa mada, bila kuwatahadharisha. "Kwa sababu ya UPU" lilibaki kwenye madaftari machache. Wengi waliandika hoja ya mahali inapoangukia C, kwa ukamilifu wa viwango tofauti. Waliopungukiwa zaidi waliandika orodha ya vitendo tu: nimehamisha, nimezungusha, nimeakisi, zimelaliana. Kitendo kimetajwa, sababu ya kipeo kutua pale haimo.

Maswali ya mtindo wa mtihani wa taifa, ambako mwanafunzi anatakiwa kutaja jozi za pande na pembe na kanuni, hayakuharibika kama baadhi ya walimu wa idara walivyohofia. Kosa moja la zamani lilipungua sana: kuandika herufi ovyo, kwa mfano kusema ABC inalingana na QRP. Mtu aliyezoea kuuliza A imekwenda wapi huandika herufi kwa mpangilio bila kukumbushwa.

Uchambuzi

Kilichobeba kazi yote ni kukataza nailoni isiguswe kabla ya utabiri. Nailoni peke yake iliwafundisha watoto kuamini macho, na jozi ya 5 na 5.2 ilionyesha hatari yake. Lakini bila nailoni sidhani kama swali la C lingeeleweka, maana wasingekuwa na picha ya kitu kinachosogea. Jozi ya mtego ningeileta mapema zaidi, pengine iwe ya pili, kabla furaha ya kulaliana haijawa mazoea.

Pengo la upande wa PQ halikuzibwa vya kutosha. Hata kwenye jaribio, wanafunzi wazuri waliandika kwamba mwale wa AC umelala kwenye mwale wa PR bila kuuliza kama uko upande uleule. Sababu naiona kwenye mpangilio: hoja ya UPU ilisemwa na kusifiwa kwanza, jozi iliyopinduka ikaja baadaye kama jambo la ziada. Ingekuwa vyema binti yule aulizwe palepale, kabla hajaketi, "Na kama mwale umeangukia huku?"

Kazi ya kuandika nayo ilihitaji muda ambao haikupewa. Darasani hoja zilisemwa kwa Kiswahili, zikabishaniwa kwa Kiswahili, kisha zikatakiwa kuandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mtihani. Baadhi ya orodha zile kavu za vitendo zilitoka kwa watoto niliowasikia kwa masikio yangu wakitoa sababu kamili kwa mdomo. Katika marudio yaliyofuata Mwalimu M. aliweka safu mbili daftarini, kushoto nilichofanya, kulia kwa nini kipeo kimetua hapo, na safu ya kulia iliruhusiwa kuanza kwa Kiswahili.

Kuna jambo lililonusurika kupotea. Wakati wa jozi ya grafu, kijana wa dawati la nyuma alikuwa hafuati hatua tatu. Alitafuta kioo kimoja, yaani mstari mmoja wa kuakisi, cha kuipeleka ABC moja kwa moja kwenye PQR, akatia alama katikati ya A na P, ya B na Q, ya C na R: (−1, −1½), (1, ½), (1½, 1). Nukta zote tatu ziko kwenye mstari mmoja, y = x − ½. Akanyoosha mkono akisema amepata kioo. Mwalimu M. alimwambia si kioo, kwa sababu AP haiukati mstari huo kwa pembe mraba, na akaendelea na somo. Kwa haraka ya kipindi jibu lilikuwa sahihi, lakini liliacha jambo zuri mezani.

Baada ya kipindi tulikaa na karatasi ya yule kijana. Mstari wake ndio wenyewe, umepungukiwa hatua moja. Ukiiakisi A kwenye mstari ule inakwenda (1½, ½). Kutoka hapo hatua 4½ kushoto na 4½ chini, sambamba na mstari, zinaifikisha P. B inakwenda (1½, 4½), kisha Q. C inakwenda (3½, 3½), kisha R. Kuakisi na kuteleza kwa pamoja kumefanya kazi ya hatua tatu. Tena hapakuwa na njia ya kioo kimoja hata angetafuta mpaka jioni, kwa sababu mteleko ule si sifuri. Kesho yake Mwalimu M. alimwita mbele aeleze mwenyewe, na swali la kwanza kutoka kwa wenzake lilikuwa kama nukta za katikati hukaa kwenye mstari mmoja kila mara pembetatu inapopinduliwa. Hukaa. Swali hilo sasa limo kwenye mpango wake wa Kidato cha Pili kijacho, likiwekwa mara baada ya jozi ya ABC na PQR, na mada ya mageuzo ameihamishia mbele ya kulingana.